Mafuta ya Nyonyo na Pikipiki Isiyo na Breki

Wanangu, pikipiki niliyoipenda kuliko zote katika maisha yangu ya ufundi haikuwa na breki. Si kwamba breki zilikufa, la. Haikuwekewa tangu kiwandani. Haikuwa na gia za kubadilisha, haikuwa na taa, kiti chake kilikuwa kama kibao cha kukatia vitunguu, na ilikuwa ikipinda upande mmoja tu, kushoto. Mkimweleza mteja maneno hayo leo pale gereji, atachukua funguo zake aondoke.

Ndizo pikipiki za mbio za duara hizo. Wapanda wanne wanajipanga, kamba ya kuanzia inaruka juu, wanazunguka uwanja wa udongo mara nne, na kwenye kila kona tairi la nyuma linateleza ubavu huku mguu wa kushoto, uliovishwa kiatu cha chuma, ukiburura chini. Mbio moja inakwisha hujamaliza kukoroga chai. Na mimi, Seif mnayemuona leo akikaa mbele ya duka la simu Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, akisikiliza magari yanayopita na kusema hili plagi, lile beringi, nilikuwa fundi wa mbio hizo. Siku hizi nakosea sana kuhusu hizo beringi. Tutafika huko.

Gereji yetu ilikuwa Wattaya, nyuma ya maduka ya magari mapya. Asubuhi tulitengeneza magari ya watu, alasiri tukageukia pikipiki. Mkuu wetu alikuwa Khalfan, tukimwita Ami Khalfan ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mtoto wa nduguye. Ufundi aliuanzia Unguja, kwenye mashine za kukamulia nazi, akaja nao Maskati pamoja na mkewe, Bi Zuwena. Maisha yake yote alikaa karibu na injini bila kuziba masikio, na injini zikamlipa kwa kumchukulia masikio yake. Nilipoanza kufanya kazi naye alikuwa hasikii hata adhana. Mkitaka kusema naye, mlisimama mbele yake akakusomeni midomo.

Lakini injini alizijua kuliko sisi wenye masikio. Alikuwa akiweka kiganja juu ya tangi, anafumba macho, kisha anainama kwenye moshi na kunusa. Baada ya hapo anasema, "Inakula sana," au, "Imebanwa, mfungulieni." Nilimuona akifanya hivyo mara nyingi mno, na sikumuona akibahatisha.

Sasa nikuambieni habari ya Wafula, kwa sababu bila ya yeye hadithi hii haina chumvi. Wafula alikuwa Mkenya wa Kakamega, fundi wa kuchomelea, mtu wa kanisa na mtu wa kucheka. Siku yake ya kwanza aliizunguka ile pikipiki kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba.

"Boss, hii kitu breki yake iko wapi?"

"Haina," nikamwambia.

"Sasa mtu akitaka kusimama?"

Ami Khalfan alikuwa akimtazama midomo. "Anayetaka kusimama akae kwao," akasema, na akaendelea kufunga mnyororo.

Pikipiki hizi hazili petroli. Zinakunywa spiriti kali, na spiriti ile ina tabia moja mbaya: ikishika moto mchana wa jua, moto wake hauonekani. Petroli angalau inakupa heshima ya kukuonyesha inakuchoma. Wiki ile ile Wafula alijimwagia kidogo kwenye suruali, cheche ikaruka kutoka kwenye kazi yake mwenyewe ya kuchomelea, na sisi tukamuona mtu mzima anaruka, anajipiga mapaja, anazunguka na kupiga kelele. Mpanda wetu, Nassor, alidhani ni ngoma ya kwao Kakamega, akaanza kumpigia makofi. Ami Khalfan peke yake ndiye aliyeelewa. Akammwagia ndoo nzima ya maji kuanzia kiunoni.

"Mzee, mimi nilidhani ni mapepo," Wafula alisema akitweta. "Na mimi huwa sikosi kanisa!"

Hakuungua, alibabuka kidogo tu, na suruali ndiyo iliyokwenda. Basi shikeni hili: spiriti na ndoo ya maji vikae pamoja kama mke na mume. Na jioni mkimaliza, mwageni spiriti yote iliyobaki kwenye kabureta. Ukiiacha ilale humo kwa joto na unyevu wa Maskati, asubuhi utaikuta imekula chuma na kuacha unga mweupe. Nimeona kabureta nzuri zikifa kwa uvivu wa dakika chache.

Nassor huyo aliyepiga makofi alikuwa kijana wa ofisi, mwembamba, mpole, kanzu yake haina hata kikunjo. Alikuwa akisalimia hadi paka wa gereji. Akishavaa kofia ngumu na kile kiatu cha chuma, humjui tena. Alikuwa akiingia kwenye kona ambapo wenzake walishaanza kufikiria wake zao.

Uwanja ulikuwa mbele ya Sib, kwenye tambarare, na ubingwa wa taifa ulikuwa ukichezwa miezi ya baridi, Ijumaa baada ya Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri na kumalizika kabla ya Magharibi. Msidhani ni taifa zima lililokuwa likija kutazama. Walikuja jamaa, majirani, Wahindi wa mtaani na watoto wao, na muuza karanga. Lakini kikombe kilikuwa kikombe, na Ami Khalfan alikuwa hajawahi kukishika. Kuna mwaka mnyororo ulikatika kona ya mwisho. Kuna mwaka mpanda wetu alioa, akaacha. Kuna mwaka tulishindwa tu, bila ya sababu ya kusimulia.

Na msimu ninaokuambieni ulikuwa wake wa mwisho. Bi Zuwena alikwisha kata shauri. Binti yao Rahma alikuwa anaolewa, na Bi Zuwena akasema baba wa mwari hawezi kupokea wakwe akinuka moshi. Ami Khalfan aliapa mbele ya watu: kikimalizika kikombe cha mwaka huu, khalas, anarudi kukaa nyumbani. Sote tulijua. Kwa hiyo Nassor alipofika Ijumaa ya mwisho akiwa sawa kwa pointi na mpanda wa kambi ya pili, jamaa mmoja tukimwita Saidi Mrefu, tulikuwa hatulali. Mbio moja ndiyo iliyobaki, na ndani ya mbio hiyo ilikuwamo miaka yote ya Ami Khalfan.

Hapo ndipo mafuta yanapoingia.

Injini inayokunywa spiriti haikubali mafuta ya kawaida. Spiriti inayaosha yote, chuma kinasuguana na chuma, na injini inakwama. Kinachostahimili ni mafuta ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo hiyo hiyo, aliyokunywesheni bibi yenu mlipofunga choo, nanyi mkabana meno. Na kwenye mashine hizi mafuta hayarudi: yanapita, yanalainisha, yanatoka nje na moshi wake mtamu, kwa hiyo kila mbio inataka mafuta mapya. Ami Khalfan hakutaka yale yaliyotiwa dawa za kiwandani. Alikuwa akiagiza nyonyo safi tupu, dumu moja kwa msimu, kwa mtu anayesafiri. Na dumu hilo hakuliweka gereji, kwa sababu Wafula alikuwa akijipaka ndevu.

"Inafanya zing'ae, mzee," Wafula alikuwa akijitetea.

Basi Ami Khalfan alilificha nyumbani kwake Sib, stoo, chini ya magunia ya mchele. Mkewe hakumwambia, maana alikwisha kuahidi kuwa hakuna tena takataka ya pikipiki itakayovuka mlango wa nyumba ile.

Ijumaa asubuhi tukaenda kulichukua, yeye, mimi na Wafula. Tulipofika mlangoni tu harufu ikatupokea. Karafuu, asumini, rihani, nyumba nzima inanukia. Ami Khalfan akasimama. Pua yake, mnakumbuka, ilikuwa ndiyo masikio yake. Nikamuona anabadilika rangi.

Bi Zuwena alitoka jikoni na mwiko mkononi, uso umekunjuka kwa furaha.

"Karibuni, karibuni! Khalfan, na mimi nilikuwa nakusubiri nikushukuru."

"Unishukuru nini?"

"Si lile dumu! Nimeingia stoo kutoa mchele wa harusi, nakuta nyonyo imefichwa chini ya magunia. Nyonyo safi, sijaiona namna ile tangu Unguja. Nikasema alhamdulillahi, mume wangu keshaanza kumfikiria mwanawe. Kanunua mafuta ya kichwa cha mwari, kaona haya kusema."

Ami Khalfan alikuwa anamsoma midomo, na kila neno nililiona likimwingia.

"Yako wapi sasa… liko wapi dumu?"

"Nshalipika lote. Karafuu, asumini, na rihani kidogo. Rahma anapakwa tangu juzi, nywele zake utazionea raha."

Mimi nikatazama sakafu. Wafula akatazama dari. Ijumaa asubuhi, maduka yamefungwa, na chupa za famasi ni za kutibia tumbo la mtoto, hazitoshi hata kulowesha injini. Ami Khalfan angeweza kunyamaza, akamwachia mkewe furaha yake. Nilimuona akifikiria hivyo, wallahi. Lakini hakuwa na kipaji cha uwongo.

"Zuwena," akasema, "yale mafuta ya pikipiki."

Mwiko ukashuka taratibu. "Ya nini?"

"Ya pikipiki. Leo ndiyo mbio ya mwisho. Nisamehe."

"Kumbe hukumnunulia Rahma. Ulikinunulia kile chuma!" Sauti ilipanda hata jirani akachungulia. "Na mimi nimesimama juu ya moto, nakuombea dua! Harusi imebakisha siku chache, na baba mtu anafichia pikipiki mafuta chini ya mchele! Hata tone. Sitoi hata tone."

Hapo sauti ya Rahma ikaja kutoka chumbani. Mwari hatoki, lakini hakuna aliyemkataza kusema.

"Mama, mpe baba. Kichwa changu kimelowa, mto umelowa, hata ukuta umelowa. Mafuta yote yale nitakwenda nayo wapi?"

Wafula akaona mlango umefunguka kidogo, akatia mguu. "Mama, kweli, kichwa moja haiwezi maliza dumu."

Bi Zuwena alimtazama Wafula, akazitazama ndevu zake zinazong'aa, nadhani akaelewa mengi. Akamgeukia mumewe, akasema polepole ili asomeke vizuri: "Nakupa nusu. Lakini na mimi nakuja huko. Miaka yote hii unaniachia nyumba Ijumaa, leo nataka nione mafuta ya mwanangu yanakwenda wapi."

Tuliyachuja kwenye kitambaa cha shashi, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka hakukubaki hata kichwa cha karafuu. Niulizeni kama nyonyo iliyopikwa na asumini inafaa kwa injini. Jibu ni kwamba inafaa, mradi asumini haikuacha maji, na Bi Zuwena alikuwa mpishi asiyeacha maji. Angelichanganya na nazi, tungelia. Yeye alisema nazi kwenye nywele za mwari ni uvivu, Mungu ampe pepo.

Uwanjani, gari la maji lilikwisha kumwagilia udongo, na upepo wa baharini ukaanza kuingia na unyevu wake. Upepo kama huo unabadilisha pumzi ya injini. Hapo ndipo fundi anachagua jeti, kile kijipande cha shaba ndani ya kabureta chenye tundu la kupitishia spiriti. Tundu dogo mno, injini inashikwa na kiu na kuungua. Kubwa mno, inalewa na kuzubaa. Ami Khalfan alikuwa akichagua kwa pua, siku zote.

Tukaisukuma, ikawaka. Akaweka kiganja juu ya tangi. Akainama kwenye moshi, akanusa. Akanusa tena. Akainuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona khofu machoni mwake.

"Sinusi kitu," akasema. "Nnanusa harusi tu."

Moshi wote ulikuwa karafuu na asumini. Mafundi wa kambi ya pili walikuwa wamesimama na spana mkononi, wametuelekezea pua. "Hii mashine inanukia kuliko bibi yangu," Wafula akanong'ona. Mimi sikuweza kucheka. Mzee yule alikuwa amebaki na pua peke yake, na pua imefungwa siku ile anayoihitaji.

Akanigeukia, akanitazama midomo. "Seif. Wewe una masikio. Inasemaje?"

Wanangu, miaka yote niliyokuwa chini yake hakuniuliza swali hilo. Nilikuwa nikisafisha, nikifunga, nikishika anapotaka nishike. Nikapiga goti, nikatia gesi, nikaachia. Nikasikia kwenye eksozi vishindo vidogo vikavu, pa, pa, pa. Nikarudia. Ni vile vile.

"Ina kiu, ami," nikamwambia, nikitamka sana. "Tuitie jeti kubwa zaidi."

"Kiganja changu kinaniambia iko sawa."

"Ina kiu."

Alinikazia macho mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Kisha akafungua kisanduku chake, akatoa jeti, akanitilia mkononi mwangu. "Funga wewe," akasema.

Nikaifunga. Tukawasha tena, nikaachia gesi, na vile vishindo havikuwapo.

Tukaenda kusimama kwenye uzio, Ami Khalfan, mimi, Wafula, na Bi Zuwena na buibui lake na kipepeo cha ukili. Kamba ikaruka. Saidi Mrefu akatoka mbele, Nassor nyuma yake, wawili wengine wakafunikwa na vumbi. Ami Khalfan akaanza kuhangaika. Kwa kawaida alikuwa akinusa moshi unaporushwa na upepo, anajua injini iko vipi. Sasa kila ikipita, asumini. Akawa anauliza, "Inasemaje? Inasemaje?" lakini nikimgeukia anisome midomo ananikosesha mbio, na yeye pia anaikosa. Mwisho akaniwekea kiganja mgongoni, katikati ya mabega.

"Nguruma," akasema. "Kama inavyonguruma. Nitaipata."

Basi nikanguruma. Mtu mzima, baba wa watoto, mbele ya Wahindi na muuza karanga. Nilikamata sauti ya injini ya Nassor nikaitoa kifuani kama nilivyoisikia: inapanda kwenye mstari ulionyooka, inashuka kidogo kuingia kwenye kona, inakatikakatika pale tairi linapoteleza, inapanda tena. Kiganja kilikuwa kimetulia mgongoni mwangu, na nikahisi mzee anaitikia kwa kichwa. "Ndiyo," anasema. "Ndiyo, mwanangu. Imeshiba hiyo. Mwache aifungue." Wafula naye akaanza kunguruma, nadhani kwa kunionea huruma, lakini yeye alikuwa ananguruma kama lori.

Mzunguko wa mwisho, Nassor akaacha njia ya ndani, akatoka nje kabisa kwenye udongo uliolowa, mahali ambapo hakuna aliyethubutu siku ile. Akaingia kona ya mwisho ubavu kwa ubavu na Saidi Mrefu, udongo unaturukia usoni. Na hapo, wanangu, pumzi ikanikata. Nilinyamaza. Sikujua hata kwamba nimenyamaza, nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili.

Kiganja mgongoni kwangu kikashtuka.

"Imezima?" Ami Khalfan akauliza. Vumbi lilikuwa limetanda, hakuona kitu. "Seif, imezima?"

Sikuweza kujibu, nilikuwa nalia. Uso wake ukaanguka, nikaona miaka yake yote inaanguka nao. Akaondoa mkono.

Ni Bi Zuwena aliyemkamata. Alimshika mashavu kwa mikono yake miwili, kipepeo kikaanguka chini, akamgeuza amtazame. "Miaka yote mume wangu huyu," Bi Zuwena alikuja kutusimulia baadaye, "alikuwa akinisoma midomo nikimgombeza tu." Siku hiyo alimsoma hivi:

"Kashinda! Khalfan, kashinda! Mafuta ya Rahma yameshinda!"

Akapiga kigelegele hata muuza karanga akageuka. Ami Khalfan hakukisikia, lakini alikiona, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na Nassor alipopita mbele yetu akizungusha mkono hewani, moshi ukatufunika sote, ukinukia karafuu. "Rahma kapita," akasema Bi Zuwena, na tukacheka mpaka tukakaa chini.

Ami Khalfan alitimiza ahadi yake. Alipokea wakwe akiwa amevaa kanzu safi, na kikombe kikawekwa sebuleni kwao kikitiliwa ubani siku za wageni. Kisanduku cha jeti alinipa mimi. Alinitilia mkononi kama siku ile, akaenda zake kuosha mikono kwa ajili ya pilau. Nikaendesha gereji ile mpaka mwili ulipokataa, na mbio za duara zikafifia, vijana wakapenda mchanga na magari.

Sasa masikio yangu nayo yanaondoka. Mke wangu ananiita, namwona mdomo tu. Nyinyi mna kompyuta zinazokutajieni ugonjwa wa gari, na mimi nafurahi, kwani zingenipunguzia usumbufu mwingi. Lakini mkipata injini nzuri, inayowaka sawasawa hata mkono wako unaipenda, msipite moja kwa moja mkaenda zenu. Nipo pale pale mbele ya duka la simu. Simameni, mgeuke, mnipe mgongo, na mngurume kama inavyonguruma. Msione haya mbele ya watu. Nitaweka kiganja, na nitaipata.